Miezi Kumi na Minane Bila Chai

Mwaka wa 1955 Ziwa Nakuru lilikauka hadi likabaki bamba jeupe la magadi, na heroe wakahama. Upepo ulipovuma kutoka upande wa ziwa, vumbi laini kama unga wa ngano lilipanda mjini, likapita mtaa wa maduka, likajipenyeza chini ya milango, likatua juu ya vitanda, juu ya mikate, juu ya kope za watu. Adhuhuri jua lilionekana kama taa iliyowekwa nyuma ya pazia. Watu walikohoa, wakalalamika, kisha wakazoea. Mohanlal, fundi wa matangi ya maji, hakuzoea. Aliamuru madirisha ya nyumba yake yafungwe mchana kutwa, na kikombe chake cha chai alikifunika kwa kiganja baina ya funda na funda. Mkewe, Pushpa, alijua sababu, ingawa ilitamkwa mara moja tu. Siku hiyo Mohanlal alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, akakitazama kilivyogeuka cheupe, akasema polepole, kama mtu anayesema usingizini:

"Huyu anaweza kuwa Baba."

Baba, ambaye nyumba nzima ilimwita Bapuji, alifariki mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka 1954. Alichomwa kwa desturi ya Kihindu. Majivu yake yalitiwa ndani ya chungu kidogo cha shaba, kikafungwa kitambaa chekundu, kikatundikwa kwenye mti nje ya ua, kwa kuwa majivu ya maiti hayalali ndani ya nyumba. Yalikuwa yakingoja safari. Mohanlal, mwana mkubwa, ndiye aliyepaswa kuyapeleka India na kuyamwaga katika mto Ganga. Alishuka Mombasa kutafuta nafasi katika meli. Aliporudi baada ya siku tisa alikuta tawi tupu. Ndugu yake mdogo, Gopal, alikuwa amekitungua chungu, akapanda lori la ngano hadi Njoro, akayamwaga majivu katika mto wa huko, mahali ambapo Bapuji alipiga hema lake la kwanza alipofika nchi hii.

"Aliniagiza mwenyewe," Gopal alisema.

"Mimi ndiye niliyeagizwa," Mohanlal alisema. "Ganga. Kwa kinywa chake."

Mto Njoro hushuka kutoka milima ya Mau, hupita mashambani, na safari yake huishia katika Ziwa Nakuru. Hauendi baharini. Hiyo ndiyo habari ya vumbi.

Tangu siku hiyo ndugu wale wawili hawakusemezana. Walifanya kazi karakana moja, kwenye meza moja ya chuma, kila mmoja upande wake, na baina yao alisimama fundi wao Dalmas, mtu mrefu mwenye subira, ambaye ghafla alijikuta amekuwa posta. "Dalmas, mwambie huyo bwana anipe koleo," Mohanlal husema. Huyo bwana yuko umbali wa mkono. Dalmas huchukua koleo kwa huyu na kumpa yule. Siku moja alichoka, akasema: "Mzee, koleo imesikia yenyewe, inakuja." Hakuna aliyecheka.

Nyumbani waliishi ua mmoja. Mohanlal na Pushpa walikaa vyumba vya mbele. Watoto wao walikuwa shule ya bweni Nairobi. Gopal alikaa chumba cha nyuma, peke yake kwa wakati ule, kwa sababu mkewe Manju alikuwa amekwenda kwa wazazi wake Kisumu kuzaa mtoto wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Jiko lilikuwa katikati, na jikoni alikuwa Pushpa.

Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati na mji ukiwa hauna sauti ila ya treni inayovuta pumzi stesheni, Pushpa aliteleka maji juu ya makaa. Kikombe kimoja na nusu. Maji yakiwa bado hayajaamka alitia tangawizi aliyoiponda kwa mchi wa shaba, iliki nne zilizovunjwa tu, zisisagwe, kipande cha mdalasini chenye urefu wa kidole cha mwisho, na karafuu moja. Aliyaacha yachemke hadi yakawa na rangi ya nyasi kavu. Yakafuata majani ya chai, sukari, kisha kikombe kimoja na nusu cha maziwa kutoka Njoro, mazito, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Hapo hakuondoka tena. Chai ikapanda, akainyanyua sufuria, ikashuka. Ikapanda mara ya pili, akainyanyua. Mara ya tatu aliiacha ipande mpaka ukingoni, ikasimama hapo ikitetemeka kama mtu mwenye neno mdomoni, ndipo akaiepua.

Aliijua kwa sikio. Maji yakichemka peke yake husema kwa haraka. Yakitiwa maziwa hunyamaza, halafu huanza upya kwa sauti nzito. Aliijua kwa pua pia, na kwa rangi. Aliichuja katika vikombe viwili, kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma, akavipeleka kimoja kimoja. Mvuke ulimzunguka uso, na kwa kitambo kidogo alikuwa kwao Porbandar, India, tena, msichana aliyekaa juu ya ngazi ya jiko la mama yake, akisubiri kikombe chake. Kisha mvuke ulitoweka, na alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, Nakuru, mkononi ameshika chujio.

Hakuonja. Alikuwa hajaonja kwa miezi kumi na minane.

Watu wa Gujarati, mtu akitaka jambo zito, hujinyima kitu akipendacho hadi jambo hilo litimie. Mmoja huacha sukari, mwingine wali, mwingine hutembea bila viatu. Pushpa alikipenda kikombe chake cha asubuhi kuliko chakula chochote. Juma lile la ugomvi alisimama mbele ya picha ya mungu wa kike, Mama Ambaji, aliyepanda chui wake mkubwa kwenye rafu ya jikoni, akanong'ona kwamba hatatia tone la chai kinywani hadi mume wake na ndugu yake waketi pamoja na kunywa chai ya sufuria moja. Hakumwambia mtu. Wanaume wa nyumba ile hawakugundua, maana mwanamke wa nyumba hunywa baada ya wote, na hakuna anayebaki kumtazama.

Lakini nadhiri ile ilikuwa na mzizi mwingine, na mzizi huo Pushpa hakumwambia hata Mama Ambaji.

Alipoletwa bibi harusi mwaka 1936, mama mkwe alikuwa ameshakufa. Bapuji ndiye aliyemfundisha kupika chai. Sasa baba mkwe hasemi na mke wa mwanawe uso kwa uso, na mke hafunui kichwa mbele yake. Basi mzee alisimama nje ya mlango wa jiko, akaelekea ukutani, na kuufundisha ukuta. "Ukuta, usiponde iliki kama adui yako." "Ukuta, maziwa hayapendi kuachwa peke yake." Ndani, Pushpa aliyekuwa na miaka kumi na minane, ameshika sufuria na upindo wa sari umemfunika hadi kidevuni, alitii maneno hayo na kujizuia asicheke. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa kwake ndiyo Nakuru yenyewe: sauti isiyo na uso, baridi ya asubuhi, harufu ya majani.

Bapuji alikunywa chai mbili kwa siku. Ya kwanza alfajiri, ya mchaichai na nana, bila tangawizi. Hiyo alikunywa na Gopal, kwa kuwa Gopal alikuwa mwana wa kuamka mapema. Ya pili saa nne, ya tangawizi na pilipili manga, kali kiasi cha kutoa machozi. Hiyo alikunywa na Mohanlal, aliyerudi kutoka karakana kwa ajili yake. Kila mwana alifahamu chai moja tu. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa masikio yake: "Hii ndiyo chai ninayoipenda, mwanangu."

Jumanne moja, wiki mbili kabla hajafa, mzee alikunywa ya alfajiri akiwa ameegemea mto, akamwambia Gopal: "Mkishanichoma, nipeleke Njoro. Mto ule uliniona kijana." Pushpa alikuwa nyuma ya pazia akisubiri vikombe. Saa nne ya siku ileile alikuwa nyuma ya pazia lilelile. "Unifikishe Ganga," Bapuji alimwambia Mohanlal. "Usiniache ugenini."

Hakuwa mwongo, mzee yule. Alikuwa mtu aliyemkubalia kila aliyemletea kikombe. Lakini ni mke gani wa mwana atakayesimama na kusema neno kama hilo juu ya baba mkwe wake, naye hayupo kujitetea? Pushpa alilimeza, na ili lisipande tena aliacha chai.

Aliyegundua alikuwa Kuluthum, mama yake Saad. Babu yake Kuluthum alikuja na reli kutoka pwani, na familia haikurudi tena. Yeye alizaliwa Bondeni, mtaa wa Nakuru hapohapo, akaolewa Bondeni, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na shamba dogo la mchaichai, nana na tangawizi. Mara mbili kwa wiki alimletea Pushpa fungu, akaketi juu ya kibao jikoni na kupewa kikombe. Mwezi wa tisa ulipoanza, akiwa amepulizia chai yake na kuimiminia katika kisahani, alisema, akimwita dada kwa Kigujarati:

"Pushpaben, niambie kweli. Humu unatia nini ambacho wewe mwenyewe hutaki kula?"

"Natia dawa, Mama Saad. Ndiyo wewe unarudi kila wiki."

"Nimerudi sana. Chai yenyewe kama halua. Lakini mwaka mzima na zaidi mimi nakunywa, wewe unanitazama kama mtu analisha ng'ombe wa maziwa. Mwisho nitaona haya."

Pushpa alicheka. Kisha, kwa sababu Kuluthum hakuwa wa nyumba ile, wala wa ukoo ule, wala wa dini ile, akamwambia. Si yote, nadhiri tu.

Kuluthum aliweka kisahani chini. "Sisi tunafunga mwezi mmoja, na magharibi tunafuturu. Wewe futari yako ni lini?"

"Hawa ndugu mbili wakikaa pamoja, wakunywe sufuria moja."

"Mbona wanakunywa sufuria moja kila siku? Mpishi si ni wewe? Basi imetimia zamani. Kunywa, mama!"

"Nilisema wakikaa pamoja."

"Na nani alikutuma kusema 'wakikaa'? Mimi nikiweka nadhiri huwa naacha mlango wa kutokea."

"Mungu atajua mlango iko wazi."

"Atajua, na atakusamehe. Wanaume ndio hawasamehe." Kuluthum alikung'uta vumbi jeupe kwenye buibui lake. "Lakini nikuulize. Bubu akiweka nadhiri sishangai, maana atafanya nini tena? Wewe mdomo unao. Umewahi kuwaambia hao wanaume neno hata moja?"

"Mke hawezi."

"Mke gani hawezi? Mume wangu Darweshi akinuna siku tatu, namwambia: nuna, bwana, ni haki yako, lakini nunia nje, hapa nafagia."

Pushpa alichukua kikombe cha mgeni akakisuuza mara mbili, kisha mara ya tatu. Kuluthum alimtazama mgongo wake. Alipoondoka aliacha mafungu mawili badala ya moja.

Katika nusu ya giza ya mwezi wa Bhadarvo, ambao mwaka ule uliangukia Oktoba, Wahindu huwakumbuka wafu wao, kila mmoja kwa tarehe yake. Chakula alichokipenda marehemu hupikwa, kikawekwa juu ya paa, na kunguru wakija kukila watu hujua kimefika. Kabla ya kunguru, hakuna ulimi wa mtu unaoruhusiwa kukionja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bapuji kukumbukwa hivyo, maana mwaka wa kwanza wa msiba hauhesabiwi. Siku moja kabla ya tarehe yake Mohanlal alirudi kutoka karakana saa tisa alasiri, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Unasikia?" alisema. Hilo ndilo jina alilomwita mkewe tangu harusi, kwa kuwa mume wa kizamani hataji jina la mkewe. "Kesho ni wali wa maziwa, mikate ya mafuta, na chai. Baba bila chai hatakuja. Iwe ileile yake. Tangawizi na pilipili manga."

Gopal alikuwa uani akinawa mikono kwenye mfereji. Aliwahi kurudi siku hiyo naye. Alisikia. Mfereji ukaendelea kutiririka ingawa mikono yake ilikuwa imeshatakata.

"Baba hakunywa pilipili manga," aliuambia mfereji.

Mohanlal hakugeuka. "Mwambie huyo bwana," alimwambia Pushpa, "kwamba nimekunywa chai na baba yangu kwa miaka ishirini."

"Bhabhi," Gopal alisema, akimwita kama mtu anavyomwita mke wa kaka yake, "mwambie kaka kwamba nami nilikuwa na baba huyohuyo. Mchaichai. Na nana. Mwambie kunguru watatema hiyo dawa ya farasi."

"Mchaichai!" Mohanlal alimwambia Pushpa. "Maji ya mgonjwa wa tumbo!"

"Mimi nipo katikati," Pushpa alisema, "lakini mimi si Dalmas."

Neno hilo lilitoka kabla hajalifikiria. Wote wawili walimtazama. Akageuka haraka, akachukua sufuria mbili kutoka ukutani.

"Leo tarehe yake haijafika," alisema. "Leo kinaruhusiwa kuonjwa. Nitapika zote mbili, mtachagua. Kesho sitaki kelele mbele ya kunguru."

Akapika. Ilikuwa alasiri nyeupe, isiyo na kivuli. Madirisha yalifungwa, na mwanga uliopita kwenye vioo vyenye vumbi ulikuwa kama mwanga wa chini ya maji. Wanaume wawili walisimama kila mmoja kwenye nguzo yake ya mlango. Pushpa alipiga fundo majani ya mchaichai na kuyatumbukiza katika sufuria ya kushoto. Katika ya kulia aliponda tangawizi na punje tisa za pilipili manga. Harufu mbili zilipanda, zikakutana juu ya jiko. Alijua wale ndugu wanasikia nini. Hata yeye alihisi kwamba akigeuka ataona kivuli cha mzee nje ya mlango, kimeelekea ukutani.

Akachuja. Akamimina katika visahani vinne, viwili vya kila chai, maana Bapuji hakunywa kwenye kikombe.

Mohanlal alionja ya tangawizi, akafumba macho. "Hii."

Gopal alionja ya mchaichai. "Hii."

Wakabadilishana visahani bila kutazamana. Mohanlal alikunja uso. Gopal alikohoa hadi machozi.

"Huyu bwana hakumjua baba yake," Mohanlal alisema, na safari hii hakumwambia Pushpa. Alimwambia Gopal mwenyewe.

"Nilimjua kuliko wewe. Wewe ulikuja saa nne, mtu ameshaoga, ameshavaa, ameshakuwa mzee wa heshima. Mimi nilimwona alfajiri."

"Ndiyo maana ukamtupa mtoni kama maji machafu?"

Gopal alikuwa mweupe midomoni. Aliokota kisahani kilichobaki chenye chai yake, akamnyooshea Pushpa kwa mikono miwili.

"Bhabhi ataamua. Ni yeye aliyempikia. Onja, Bhabhi, useme ni ipi."

"Onja," Mohanlal alisema. "Unasikia? Onja hizo zote mbili, tumalize."

Pushpa alikitazama kisahani. Kinywa chake kilijaa mate. Angeweza kuonja, akataja moja, na mwanamume mmoja angetoka jikoni ameshinda. Mwingine asingerudi tena.

"Siwezi," alisema. "Nina nadhiri. Sijanywa chai tangu Bapuji amwagwe mtoni. Nilisema sitakunywa hadi ninyi wawili mketi pamoja."

"Tangu lini?" Mohanlal aliuliza, kana kwamba hakusikia.

"Miezi kumi na minane."

"Mimi sikuona."

"Hapana," Pushpa alisema. "Lakini sihitaji kuonja. Naijua." Alijifuta mikono kwenye sari, vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine. "Alikunywa zote mbili. Alfajiri ya mchaichai, saa nne ya tangawizi. Kila siku, miaka yote niliyokaa hapa. Na alimwambia kila mmoja wenu kwamba yake ndiyo aipendayo."

"Baba hakuwa mtu wa maneno mawili," Mohanlal alisema.

"Alikuwa mtu wa kumpenda aliyeketi mbele yake." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Jumanne ile, alfajiri, alimwambia ndugu yako ampeleke Njoro. Nilikuwa nyuma ya pazia. Saa nne akakwambia wewe umfikishe Ganga. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Siku moja?" Gopal aliuliza.

"Siku moja."

Mohanlal alitoka nje. Walimsikia akitembea uani, hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi, vumbi likilia chini ya viatu vyake. Gopal alibaki ameegemea nguzo. Pushpa aliona kwamba maziwa yaliyobaki hayatatosha ya jioni, na kwamba sufuria zote mbili bado zilikuwa na chai ya kutosha. Kwa kuwa hakuwahi kumwaga maziwa maishani mwake, na kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi, alimimina ya kushoto ndani ya ya kulia, akaichemsha pamoja.

Mohanlal aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Huenda ni vumbi.

"Mwaka mmoja na nusu," alimwambia mkewe. "Ulikuwa unajua, na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Ni kosa langu."

"Kwa nini?"

"Ungependa nani akwambie? Mke wako, kwamba baba yako alikwambia uliyotaka kusikia?"

Mohanlal alivuta kibao kidogo cha mbao alichokalia Kuluthum, akakiketia, magoti juu kama mtoto.

"Angenipeleka mimi wapi," aliyauliza makaa, "kama ningekufa kabla yake?"

"Ingetegemea saa ngapi umemwuliza," Gopal alisema.

Sauti iliyotoka kifuani mwa Mohanlal haikuwa kicheko, lakini ilikuwa ikielekea huko. Gopal alichuchumaa, kisha akaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imekaribia kugusa ya kaka yake. Pushpa aliepua sufuria. Chai ilikuwa na rangi ambayo hajawahi kuiona, kati ya udongo na asali, na harufu yake haikuwa ya alfajiri wala ya saa nne. Alichuja visahani viwili, akawapa. Walipulizia. Wakanywa. Hakuna aliyefunika chochote kwa kiganja.

Mohanlal ndiye aliyechukua kisahani cha tatu kutoka kwenye rafu, akakijaza mwenyewe, akimwaga kiasi sakafuni kwa kutozoea, na kukiweka mbele ya mkewe.

"Unasikia," alisema. "Tumeketi."

Pushpa alimtazama Mama Ambaji juu ya chui wake. Akafunika kichwa. Akainua kisahani kwa mikono miwili, akanywa funda la kwanza taratibu, akalishikilia kinywani huku amefumba macho, na wale ndugu wawili wakamtazama kama mafundi wanaongoja kuona kama tangi litavuja.

Alifumbua macho.

"Sukari imezidi," alisema. "Imezidi sana. Mbona miezi yote hii hamkusema?"

Ndugu wale wakatazamana.

"Nilidhani ni Gopal anayeipenda hivyo," Mohanlal alisema.

"Nami nilidhani ni wewe, kaka."